Kazi ya Mikono: Rangi ya zamani inakwenda wapi?

Mwezi huu tunazungumza juu ya pikipiki. Ukisimama asubuhi moja tu pale Marabo, kwenye barabara ya Bunia kwenda Komanda, utaelewa sababu. Pikipiki inapita na mgonjwa katikati ya watu wawili. Nyingine ina magunia ya mihogo, nyingine mbuzi, nyingine kitanda na godoro lake, nyingine mchimbaji mwenye pauro na karai akirudi kwenye machimbo. Kwa jamaa nyingi pikipiki si kitu cha kujionyesha, ni shamba lao. Ndiyo maana kutu ikianza kuila, mwenyewe anakosa usingizi.

Kijana mmoja wa Marabo alituletea barua. Jina lake tunaliacha, lakini maneno yake tunayaweka namna alivyoyaandika:

«Papa, miye niko kijana wa hapa Marabo, niko na bibi na mutoto mumoja wa mwaka moja na nusu. Ninatembeza watu na pikipiki. Ile pikipiki imeanza kutoka kutu kwenye tangi na kwenye chuma chake cha chini, na wateja wanaanza kuchagua zile zinazongaa. Sina makuta ya kulipa fundi wa Bunia. Basi nikaanza kuikwangua mwenyewe hapa nyumbani, mbele ya mulango, na brashi ya waya. Kisha bibi akakuta mutoto anaokota maganda ya rangi na kutia mu kinywa. Akakasirika sana, akaniambia nitoe hii kazi yangu hapa kwake. Miye ninaona ananisumbua bure, ni vumbi tu kama vumbi ingine ya barabara. Papa, nani iko na haki? Na tena, nilitaka kuchoma tangi na moto kidogo ili rangi iachie mbio. Inawezekana?»

Mdogo wangu, asante kwa barua yako ya kweli. Tutakujibu maulizo yako yote, lakini tuanze na yale mawili ya mwisho, kwa sababu hayawezi kungoja. Bibi yako ana haki. Na lile tangi usilichome hata siku moja. Sasa keti, tukueleze sababu, kisha tukuonyeshe namna ya kuifanya kazi hiyo vizuri, maana kazi yenyewe ni njema na unaiweza.

Si vumbi kama vumbi lingine

Watu wengi wanafikiri rangi ikibanduliwa imekwisha. Haikuisha, imehama tu. Jana ilikuwa juu ya tangi, leo iko kwenye udongo wa kiwanja, kwenye mikono yako, kwenye shati lako, kwenye mkeka, kwenye chungu kisichofunikwa. Na ni nani anayetambaa kwenye udongo wa kiwanja na kutia vidole kinywani? Si wewe, ni mtoto.

Rangi nyingi za chuma, zaidi sana za zamani, zimechanganywa na madini yanayoitwa risasi, ambayo wengine wanaita plombi. Hatusemi risasi ya bunduki, ingawa hiyo nayo hutengenezwa kwa madini hayo hayo. Rangi za manjano, za machungwa na nyekundu zinazowaka sana ndizo zilizowekwa risasi mara nyingi. Vilevile ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu ambayo wazee wetu waliita miniyumu: miniyumu ya kweli ni unga uliotengenezwa kwa risasi. Kwa macho huwezi kujua ni rangi gani ina risasi na ni ipi haina. Kwa hiyo mwenye akili anaifanya kila rangi ya zamani kuwa adui mpaka ithibitike vingine.

Shirika la Afya la Ulimwengu, lile tunaloliita OMS, linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Tena linasema kwamba mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unaweza kuinyonya mara 4 au 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Risasi inaharibu ubongo unaokua. Mtoto hawezi kuanguka siku ile ile ili ujue. Anakuwa mzito kujifunza, anakosa damu, tumbo linamuuma, anakuwa mkali bila sababu. Ikizidi sana anapata degedege na anaweza kufa. Mama mwenye mimba naye anaipitisha kwa mtoto aliye tumboni.

Sisi watu wa machimbo tunapaswa kusikia jambo hili kuliko wengine, maana kuna historia inayotuhusu. Katika mwaka wa 2010, katika jimbo la Zamfara, kaskazini ya Nigeria, watoto wengi walianza kufa katika vijiji vya wachimbaji wa dhahabu. Watu walifikiri ni malaria. Waganga wa Médecins Sans Frontières walipochunguza damu, walikuta risasi. Mawe ya dhahabu ya pale yalikuwa na risasi ndani yake, na watu waliyaleta nyumbani na kuyasaga katika kiwanja, mengine kwa mashine zilizosaga unga wa chakula. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Baba zao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanatafuta chakula cha watoto wale wale. Kosa lilikuwa moja: walileta vumbi la kazi mahali mtoto anapolala na kula.

Karibu nasi zaidi, huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kiliyeyusha batri za zamani ili kupata risasi. Mama mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda hicho, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mchanga anaugua, na damu ilipopimwa ikaonekana ina risasi. Hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua kwamba watu wa mtaa ule walipwe. Yule mama aliyelalamika mwanzoni, watu wengine walimwona msumbufu. Mdogo wangu, unasikia?

Basi, juu ya mtoto wako: mwoshe mikono na uso kwa sabuni, kata kucha zake, mpeleke kwenye kituo cha afya na useme wazi kwamba alimeza maganda ya rangi. Usione haya. Mpe chakula cha kutosha: mboga za majani, maharagi, dagaa, maziwa yakipatikana. Mtoto mwenye njaa na asiye na damu ya kutosha ananyonya risasi zaidi.

Tangi na moto

Huku kwetu pikipiki tunaiita «moto», na kuni zikiwaka pia tunasema moto. Ni neno moja, lakini vitu hivi viwili visikutane kwenye tangi.

Tangi lililojaa benzini ni la kuogopwa, lakini tangi tupu ni la kuogopwa zaidi. Benzini ikitoka, mvuke wake unabaki ndani, umechanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ndio unaolipuka. Unaweza kuliacha wazi siku mbili na bado likapasuka kama bomu mkononi mwako. Basi usilichome kwa kuni, wala taa, wala mashine ya kuchomelea. Hata juu ya vyuma vingine visivyo tangi, usibandue rangi kwa moto: rangi ikiungua inatoa moshi, na kama ina risasi, moshi huo unaingia moja kwa moja katika mapafu yako na ya jirani.

Kwa nini rangi inatoka

Ili chuma kiote kutu kinahitaji vitu viwili tu: maji na hewa. Rangi ni nguo ya chuma, kazi yake ni kuzuia maji yasikifikie. Sasa jiwe la barabara linaruka na kupiga, nguo inapata tundu dogo kama kichwa cha sindano. Mvua inaingia. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba chini ya rangi na kuiinua. Matope mekundu yanayokaa chini ya magadebu wiki nzima yanashika maji kama sifongo, na kutu inakula usiku na mchana. Dawa ya kwanza kwa hiyo si rangi, ni ndoo ya maji na kitambaa kila jioni. Ni bure, na wengi hawaifanyi.

Usibandue kile kisichoumwa

Hapa ndipo vijana wengi wanapoteza nguvu na makuta. Wanafikiri ni lazima kubandua pikipiki nzima mpaka chuma cheupe. Sivyo. Rangi ya zamani inayoshika vizuri ni msingi mzuri kwa rangi mpya, tena risasi yake imefungwa mle mle. Ondoa tu ile iliyovimba, iliyopasuka na iliyo na kutu chini yake. Kwa hiyo utapunguza vumbi, utapunguza siku za kazi, na msasa mmoja utafanya kazi ya mitatu.

Viko pia vitu ambavyo havipakwi rangi kabisa. Usipake mahali pa breki, ndani wala kwenye diski. Usipake nguzo za mbele zinazong'aa na kuteleza ndani ya shokabsoba, wala mnyororo na meno yake, wala mahali pa bearingi, wala ndani ya matundu ya skrubu. Kitu chenye kromo kikiwa bado kizima, kisafishe tu, maana rangi haishiki vizuri juu ya kromo. Mahali waya wa umeme unapofungwa kwenye chuma cha pikipiki paachwe wazi, kwa sababu rangi inazuia umeme: wengi wamepaka rangi vizuri sana, kisha wakashangaa taa haiwaki.

Na namba iliyopigwa kwenye chuma cha pikipiki usiiguse kwa msasa mkali wala usiizibe kwa rangi nzito. Ile namba ndiyo jina la pikipiki. Ukitaka pia kubadili rangi, tazama kwanza karatasi zako. Kama zimeandikwa nyekundu, na wewe ukatokea kwenye barriere na pikipiki ya bluu, utaeleza siku nzima. Afadhali urudishe rangi ile ile.

Njia ya maji, ndiyo tunayoishauri

Tafuta mahali mbali na nyumba, mbali na jiko, mbali na kisima na mto, mahali watoto na kuku hawapiti. Tandika turubai au mifuko ya plastiki iliyopasuliwa, ili kila ganda lianguke juu yake. Vaa nguo za zamani za kazi hiyo tu, na funga pua na kinywa. Kitambaa kinazuia vumbi kubwa, lakini lile dogo kabisa linapita. Kwa hiyo dawa ya kweli ni kutolifanya vumbi liruke tangu mwanzo.

Namna gani? Kwa maji. Nunua ule msasa wa maji, mweusi. Tia sabuni kidogo katika ndoo, chovya msasa, sugua, chovya tena. Rangi inatoka kama uji badala ya vumbi. Anza na namba 120 mahali penye kutu, fuata na 240, maliza na 400. Namba ikipanda, msasa unakuwa laini. Brashi ya waya itumie nayo ikiwa imelowa maji. Ukifika mahali rangi mbovu inapokutana na rangi nzima, sugua ukingo ule mpaka usiuhisi tena kwa kidole. Usipofanya hivyo, rangi mpya itaonyesha ngazi pale.

Vitu vidogo vyenye kutu, kama skrubu na vishikio, vilaze usiku mmoja katika siki au maji ya ndimu. Asubuhi visugue kwa brashi, vioshe, vikaushe mara moja na kuvipaka mafuta kidogo.

Soda, aside na dawa za duka

Wengine wataniuliza: Si iko soda ile ya kutengeneza sabuni? Inabandua rangi, ndiyo. Lakini inabandua na ngozi. Mimi mwenyewe ninabeba alama kwenye mkono wa kuume. Nilikuwa kijana, nikaweka soda ndani ya sahani nikaimwagia maji juu. Ilichemka ghafula kama mafuta yenye moto na kunirukia. Sheria ni hii: soda inatiwa ndani ya maji, pole pole, maji hayamwagwi juu ya soda. Namshukuru Mungu haikufika machoni, maana jicho lililopata soda linaweza kupofuka kwa dakika chache. Tena soda inakula aluminiumu. Ukiitia kwenye kifuniko cha mashine au kwenye kabureta, itatoa povu na kukitafuna kile chuma mbele yako.

Hatari kubwa kuliko zote ni ile chupa. Watu wanatia soda iliyoyeyushwa, au benzini, au diliyani, ndani ya chupa ya limonadi, wanaiweka chini ya kitanda. Mtoto anarudi kutoka shule na kiu. Wazazi, tunawasihi: dawa ya kazi isikae hata dakika moja katika chupa ya kinywaji. Mtu akimeza soda au benzini, usimlazimishe kutapika, kwa sababu itamwunguza mara ya pili ikirudi, au itaingia katika mapafu. Soda ikimwingia mtu machoni au ikimgusa ngozi, mmiminie maji safi mengi, dakika 20 au zaidi, bila kupaka dawa nyingine yoyote. Kisha mkimbizeni kwenye kituo cha afya au hospitali, kama ile ya Nyankunde, pamoja na ile chupa ili waganga waione.

Aside ya batri, na ile wanayotumia wanunuzi kwa kupima dhahabu, msiitumie kwa kazi hii. Inatoa mvuke wa kuunguza mapafu. Na zile dawa za duka za kubandua rangi, kuna zenye kitu kinachoitwa diklorometani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unakaa chini ndani ya nyumba, na mwili unaugeuza kuwa sumu ile ile ya moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa. Watu wamekufa nayo wakibandua rangi ndani ya vyumba vya kuogea huko Marekani, na serikali za huko na za Ulaya zimekataza isiuzwe kwa watu wa nyumbani. Kama huwezi kusoma kilichoandikwa juu ya kopo, usilinunue.

Vitu vya plastiki, kama vifuniko vya pembeni, visafishe kwa maji na sabuni tu. Diliyani na dawa hizo zinaviyeyusha.

Chuma kikiwa uchi, kitazame

Sasa umeondoa rangi mbovu. Ngoja kwanza. Usikimbilie kopo. Hii ndiyo nafasi ambayo mtu anapata mara moja katika miaka mingi: kuona chuma cha pikipiki yake bila nguo. Kioshe, kikaushe, kipeleke kwenye mwanga, upite na kidole na macho kwenye kila mahali palipounganishwa. Tazama shingo chini ya usukani, mahali pa kufungia mashine, mahali shokabsoba za nyuma zinaposhikwa, na chuma cha kubebea mizigo. Unatafuta mstari mwembamba kama unywele, au kutu inayolia katika mstari. Huo ni ufa.

Pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wawili, sisi tunapandisha watatu na gunia juu yao, tena kwenye mashimo. Lazima chuma kichoke. Ufa ukiupaka rangi, umejificha macho yako tu. Siku moja shingo itakatika kwenye mteremko, na aliye nyuma yako ni mama wa watu. Ukiona ufa, peleka kwa fundi anayejua kuchomelea, tangi likiwa limetolewa na kuwekwa mbali kabisa.

Hapa tuseme neno moja kwa wanaouza pikipiki za zamani. Kuna wanaojua ufa uko wapi, na ndiyo sababu wanapaka rangi pale. Mnunuzi anasifu kung'aa kwake, anatoa makuta ya mwaka mzima wa kazi ya machimbo. Kijana, ukifanya hivyo umemwuzia ndugu yako kifo chake. Mwonyeshe ufa, ushushe bei, ulale usingizi. Na wewe unayenunua, rangi mpya sana juu ya pikipiki ya zamani iwe sababu ya kuuliza maulizo, wala si sababu ya kufurahi haraka.

Kupaka

Hapa kwetu Ituri hewa ina maji, chuma kilicho uchi kinaweza kuota kutu siku ile ile. Kwa hiyo panga kazi: msasa wa mwisho asubuhi, kukausha juani, kupaka rangi ya kwanza kabla ya saa nane. Miezi ya Desemba mpaka Februari, mvua inapopungua, ndiyo mizuri. Ukifanya wakati wa mvua, tafuta paa lisilo na kuta.

Kwanza pangusa chuma kwa kitambaa safi chenye diliyani kidogo, ili kuondoa mafuta. Toka hapo usikishike tena kwa mkono mtupu, maana hata jasho la kidole linazuia rangi isishike. Ziba kwa karatasi na skochi mahali pasipotakiwa rangi. Diliyani inashika moto kama benzini, basi hakuna sigara, hakuna mbabula karibu.

Kisha paka rangi ya kuzuia kutu, ile wauzaji wanaiita antiruyi. Uliza isiyo na risasi. Duka zuri litakuonyesha maandiko juu ya kopo. Paka nyembamba, mara mbili, ukiacha ikauke namna kopo linavyosema. Ikikauka, pitisha msasa wa maji namba 400 au 600 kwa mkono mwepesi, uoshe, ukaushe.

Mwisho ni rangi yenyewe. Ukitumia lile kopo la kupuliza, litikise dakika mbili nzima, lishike mbali kiasi cha sentimeta 25, na upite bila kusimama, kama mtu anayefagia. Anza kupuliza kabla hujafika kwenye kitu, na uache baada ya kukipita. Mara ya kwanza utaona chuma bado kinaonekana, usijali. Mara tatu nyembamba zinashinda moja nzito. Rangi nzito inalia, inateremka kama machozi, na ndani inabaki mbichi majuma mengi. Ukitumia brashi, haina haya: punguza rangi kwa diliyani kidogo, pitisha brashi upande mmoja tu. Rangi ile inayochanganywa na dawa ya pili ya kuigandisha, waachie mafundi wenye vifaa vya kupumulia. Mvuke wake unaleta ugonjwa wa pumu usiopona, na kitambaa cha pua hakiuzuii.

Subiri siku mbili tatu kabla ya kufunga skrubu, na juma moja kabla ya kumwagia benzini hovyo. Najua kila siku bila pikipiki ni siku bila unga nyumbani. Kwa hiyo usifungue yote kwa mara moja. Juma hili magadebu, juma lijalo tangi. Pikipiki inaendelea kutembea bila gadebu la nyuma ikiwa hakuna mvua.

Kazi ya mwisho ndiyo ya kwanza

Sasa tunarudi pale tulipoanzia: rangi ya zamani iko wapi? Kunja turubai pole pole na kila kitu kilicho juu yake. Uji wa rangi uache ukauke ndani ya chombo kibovu, usiumwage mtoni wala kwenye mfereji. Maganda, msasa uliokwisha na vitambaa, vyote vitie katika kopo la zamani lenye kifuniko, ulifunge, ulizike kwa kina mbali na maji na mbali na mashamba. Usivichome. Usifagie mahali pakavu, mwagia maji kwanza. Osha mikono na uso kabla ya kumbeba mtoto na kabla ya kula. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto. Na pale mbele ya mlango ulipokwangua siku ya kwanza, mdogo wangu, chota ule udongo wa juu na kuuondoa, uweke mwingine safi. Ni kazi ya saa moja.

Kisha mwite bibi yako, umwonyeshe tangi linalong'aa, na umwambie: «Mama, ulikuwa na haki.» Maneno hayo ni magumu kuliko msasa, lakini nayo yanaondoa kutu.

Maulizo kwa mazungumzo ya jamaa na ya kikundi cha vijana

1. Katika nyumba yetu, ni kazi gani ya machimbo au ya fundi tunayoifanya mahali watoto wanapocheza? Tunaweza kuihamishia wapi?

2. Ni chupa gani za kinywaji nyumbani kwetu zina kitu kisichonyweka ndani yake? Ziondolewe leo, kabla ya kulala.

3. Mama au bibi akisema kazi fulani inadhuru watoto, sisi wanaume tunamjibu namna gani?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya breki za pikipiki: namna ya kujua zimechoka kabla hazijakuangusha. Andikeni maulizo yenu na kuyapeleka kwa wale wanaowagawia gazeti hili. Kazi njema.